Andrew Mynarski na mlango wa mkiani ambao haukufunguka

Hapa Lubumbashi, mtu akitaja ndege za mabomu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mazungumzo hukimbilia mgodi wa Shinkolobwe, kwa kuwa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa huko. Ni haki iwe hivyo, maana hiyo ni historia yetu. Hata hivyo, wanafunzi wangu wa darasa la historia walipoanza kuuliza ni watu gani waliokuwa wakikaa ndani ya ndege zile, niliona niwasimulie habari za kijana mmoja wa Kanada ambaye hakuwa rubani wala kamanda, na ambaye tendo lake kubwa, tukilipima kwa matokeo yake, lilishindikana.

Andrew Mynarski alizaliwa Winnipeg tarehe 14 Oktoba 1916, katika familia ya wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 16, akaingia kazi ya kukata ngozi ili asaidie kulisha nyumba. Mwaka 1941 alijiunga na jeshi la anga la Kanada, akafunzwa upigaji bunduki wa ndegeni, kisha akavushwa bahari kwenda Uingereza. Mwaka 1944 alikuwa katika Kikosi cha 419, kilichorukia Middleton St George, kaskazini mwa Uingereza.

Ndege yao ilikuwa Lancaster, yenye injini nne na watu saba. Mynarski alikaa katika kibanda cha bunduki kilichokuwa juu ya mgongo wa ndege. Rafiki yake, Pat Brophy, alikaa peke yake mkiani, ndani ya kibanda cha vioo chenye bunduki nne, akitazama kule wanakotoka badala ya kule wanakokwenda. Kibanda cha mkiani kilikuwa finyu mno, hata parachuti ya mpiga bunduki ilibidi itundikwe nje yake, ndani ya mwili wa ndege. Ili aifikie, alipaswa kwanza kukizungusha kibanda mpaka milango yake ielekeane na ndani ya ndege. Jambo hili dogo ndilo lililobeba kila kilichotokea baadaye.

Usiku wa tarehe 12 Juni 1944, siku sita baada ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, walitumwa kwenda kupiga stesheni kubwa ya reli ya Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, ili treni za Wajerumani zisiweze kupeleka askari na silaha mbele. Ilikuwa safari yao ya 13, na wangefika juu ya Ufaransa saa za usiku wa manane, kalenda ikiwa imeingia tarehe 13. Walipokuwa wakingojea kupanda ndege, Mynarski aliokota majanini jani la klova lenye sehemu nne, ambalo kwao huhesabiwa kuwa la bahati, akampa Brophy.

Walipovuka pwani ya Ufaransa walinaswa na taa za kumulika anga, wakajinasua. Muda si mrefu, ndege ya kivita ya Wajerumani aina ya Junkers 88 ikawapiga. Injini zote mbili za upande wa kushoto zilizimika, na moto ukawaka katika bawa na ndani ya mwili wa ndege, kati ya kibanda cha Mynarski na kile cha Brophy. Rubani, Art de Breyne, aliamuru watu wote waruke.

Mynarski alishuka kutoka kibandani mwake, akafika kwenye mlango wa kutokea. Hapo aligeuka akamwona Brophy kupitia vioo, angali ndani. Kibanda cha mkiani kiliendeshwa kwa mafuta yenye shinikizo yaliyosukumwa na injini ya nje ya kushoto, na injini hiyo ilikuwa imekufa. Brophy alijaribu kukizungusha kwa mkono, mpini ukakatika.

Sehemu hii niliwahi kumsomea mzee mmoja jirani yangu wa Kenya (nasema mtaa wetu wa Kenya, si nchi), aliyestaafu baada ya maisha marefu ya ufundi wa mashine za migodini. Alinikatiza kabla sijamaliza. “Mwalimu, mafuta yakikosa nguvu, mashine hata iwe kubwa namna gani inabaki chuma tu. Huyo wa ndani hawezi kitu, na huyo wa nje hawezi kitu.” Nilimwuliza, “Lakini Papa, yule wa nje angejuaje?” Akanijibu kwamba mtu aliyefanya kazi miezi mingi kando ya mashine ileile anajua.

Nami naamini Mynarski alijua, ila alikwenda. Alitambaa kwa mikono na magoti katikati ya moto mpaka mkiani, akaipiga milango kwa shoka, kisha akajaribu kuibandua kwa mikono. Kufikia hapo, nguo zake na parachuti yake zilikuwa zinawaka. Brophy alimpungia mkono na kumpigia kelele arudi. Mynarski alirudi kinyumenyume kupitia moto uleule, akimtazama rafiki yake, akafika mlangoni, akasimama wima, akapiga saluti, akaruka.

Wafaransa waliokuwa chini waliona mtu akianguka kama mwenge. Walimfikia angali hai, lakini alikuwa ameungua vibaya mno, akafa. Alikuwa na miaka 27. Kaburi lake liko Méharicourt, katika makaburi ya kijiji, si mbali na Amiens.

Brophy alibaki peke yake ndani ya ndege isiyo na rubani, mabomu yakiwa bado ndani. Ndege ilipopiga ardhi, kishindo kilikipasua kibanda na kumtupa nje, naye hakuumia sana. Wafaransa walimficha mpaka alipoweza kurudi Uingereza mwezi Septemba. Hapa sipendi kupita haraka. Mashambulizi ya reli katika miezi ile yaliua raia wengi wa Ufaransa, watu waliolala nyumbani kwao karibu na stesheni, na bado wapo Wafaransa waliohatarisha maisha yao kuwaficha vijana walioshuka kutoka katika ndege hizohizo. Anayeishi mashariki mwa nchi yetu hahitaji kuelezwa bomu linafanya nini likiangukia nyumba, na nisingetaka mwanafunzi wangu amsifu Mynarski huku akisahau kwamba safari ile ilikuwa ya kwenda kuua.

Wenzake wote sita walipona, wengine wakikamatwa na Wajerumani, wengine wakijificha. Hao waliotangulia kuruka hawakuona lolote la mkiani, kwa hiyo tendo lile lilikuwa na shahidi mmoja tu duniani, naye ni mtu ambaye kwa hesabu ya kawaida hakupaswa kupona. Brophy alipomsimulia de Breyne mwaka 1945, ndipo mapendekezo ya nishani yalipoanza, na mwezi Oktoba 1946 Mynarski akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika jeshi la Uingereza na la Kanada ya wakati huo. Kati ya wanaanga wapatao 125,000 wa kikosi cha mabomu cha Uingereza na washirika wake, waliokufa ni 55,573. Ndege nyingi zilianguka na watu wote saba. Ni wangapi waliogeuka mlangoni kama yeye, bila mtu wa kubaki kusimulia? Kanada inayo leo Lancaster moja huko Hamilton inayoruka bado, iliyopakwa namba na herufi za ndege ya Mynarski. Naona ni vyema, ingawa naiona pia kama kumbukumbu ya Brophy, kwa sababu bila ulimi wake hiyo rangi isingepakwa.

Darasani, msichana mmoja aliuliza kama basi Mynarski alikufa bure, kwa kuwa mlango haukufunguka na Brophy aliokolewa na kishindo tu. Mvulana aliyekaa nyuma yake alimjibu kwamba Brophy hakufa akidhani ameachwa. Msichana akasema Brophy hakufa kabisa, kwa hiyo jibu hilo halifai. Mimi nilikuwa upande wa mvulana, na ningali huko: dakika zile Brophy alikuwa na hakika ya kufa, na ndani ya hakika hiyo aliona mtu akimjia. Msichana hakukubali. Jirani yangu naye, nilipompelekea hoja hizo, alizipuuza zote mbili akataka kujua mbona de Breyne hatajwi sana, mtu aliyeishikilia ndege yenye injini mbili upande mmoja mpaka wenzake wakapata nafasi ya kuruka.