Siku moja maishani mwangu: siku ya plasta

Saa 11:30 alfajiri. Naamka kabla simu haijalia. Leo ni kliniki ya miguu kifundo, yaani watoto waliozaliwa na nyayo zilizogeukia ndani, siku ninayoisubiri kuliko zote za wiki. Nakata kucha mpaka mwisho, maana kazi ya leo ni ya vidole gumba.

Saa 1 asubuhi. Napita wodini haraka. Kijana aliyewekewa chuma ndani ya mfupa wa paja juzi tayari anasimama kwa magongo. Kabla ya daktari Mjerumani Gerhard Küntscher kuanza kutumia chuma cha namna hiyo mwaka 1939, mtu kama huyu angelala wiki nyingi mguu wake ukivutwa kwa uzito.

Saa 3. Mama wa kwanza ana mtoto wa siku 12, nyayo zote mbili zimegeukia ndani. Kabla hajakaa ananiuliza, "Daktari, nilikosea nini nikiwa mjamzito?" Hukukosea chochote, mama. Hutokea kwa takribani mtoto 1 katika kila 1,000. Namwomba amnyonyeshe, kwa sababu mtoto anayenyonya hulegeza mguu.

Nainua mfupa wa kidole gumba ili unyayo uliokunjamana ufunguke. Kisha nausogeza wayo kuelekea nje, polepole, kidole changu kikiegemea kifupa kinachojitokeza upande wa nje wa wayo, mbele ya fundo la mguu. Kisigino sikigusi, kitafuata chenyewe. Muuguzi anazungusha pamba, halafu plasta, bandeji ya jasi inayokauka ikawa ngumu, mpaka pajani, goti limekunjwa, maana plasta fupi mtoto huipiga mateke mpaka ikachomoka. Wiki ijayo tunaifungua, tunasogeza tena kidogo. Kwa wengi hutosha plasta 5 au 6.

Mikono hii aliifundisha daktari Ignacio Ponseti, kwa njia aliyoibuni. Alizaliwa Menorca, Hispania, mwaka 1914, mwana wa fundi wa saa. Alitibu majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akakimbilia Ufaransa, kisha Mexico, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko aliwachunguza watu waliopasuliwa miguu kifundo utotoni, akakuta nyayo ngumu, dhaifu, zenye maumivu. Kwangu hapo ndipo penye ujasiri wake: alikwenda kuangalia kazi ya upasuaji miaka mingi baadaye, akaamini alichokiona. Alichapisha matokeo ya njia yake mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa madaktari wengi waliendelea kupasua. Miaka ya mwisho ya 1990, wazazi ndio walioisambaza kwa kuelezana kwenye intaneti.

Saa 6 mchana. Mtoto wa plasta ya 5. Kisigino bado kiko juu, kano ya nyuma imekaza. Ganzi kidogo, kisu chembamba, na kano inakatika. Nahisi wayo ukiachia mkononi mwangu. Plasta ya mwisho hukaa wiki 3, na ndani ya muda huo kano huota tena ikiwa ndefu zaidi.

Saa 8. Viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala tu mpaka miaka 4 hivi. Baba mmoja alimvua mwanawe mapema kwa huruma, na mguu umeanza kurudi ndani. Simkemei. Mguu ukionekana mzuri ni vigumu kuamini kwamba bado unahitaji kufungwa. Tunaanza plasta upya.

Saa 10 jioni. Mgonjwa wa mwisho ni mtu mzima. Nilimpasua mimi alipokuwa mtoto, kama nilivyofundishwa, na wakati huo nilijisifu kwa unyofu wa mguu wake. Leo kifundo hakikunjiki, na kila ngazi anayopanda inamuuma. Namweleza wazi kwamba siku hizi nisingempasua. Ananyamaza kidogo, kisha ananiomba nimsaidie apunguze maumivu. Nakaa naye mpaka saa 11.

Saa 2 usiku. Bado natoa unga wa plasta katika mikunjo ya vidole simu inapolia. Ni yule mama wa asubuhi. Nilimwagiza abonyeze vidole vya mtoto kila baada ya saa chache, aone kama damu inarudi.

"Nimebonyeza, Daktari. Vimekuwa vyeupe, halafu vyekundu tena."

Na mtoto?

"Amelala."