Siku moja maishani mwangu: mtunzi mkongwe na bendi changa

Leo ni siku ya mazoezi ya bendi nzima: dramu, besi, magita 2, kinanda, tarumbeta, waitikiaji 2, na mimi mbele. Wapigaji wengi ni vijana na nyimbo nyingi ni za zamani. Kazi yangu kubwa ni kuzileta nyimbo hizo pale sauti yangu ilipo sasa, zisibaki kuwa vivuli vya rekodi zake.

Saa 1 asubuhi

Sauti kwanza, kabla ya simu na mazungumzo. Nachukua mrija wa kunywea na glasi ya maji. Mrija unazama sentimita 2 au 3, midomo inaubana, kisha naimba "uu" ndani yake hadi maji yatoe mapovu. Napanda na kushuka taratibu kwa dakika 5, napumzika, narudia dakika 5 nyingine. Maji yanasukuma hewa kidogo kurudi kooni, hivyo nyuzi za sauti zinakutana bila kugongana kwa nguvu.

Umri unapokwenda, misuli ya nyuzi hizo hupungua na zikijifunga huacha upenyo. Hewa inavuja, na mstari uliokuwa ukimalizwa kwa pumzi moja sasa unataka mbili. Anayeziba pengo hilo kwa kupaza sauti anakaza koo, na noti inatoka nje ya mahali pake. Kujikohoza ili kusafisha koo nako kunazichosha nyuzi bure. Funda la maji linatosha.

Saa 3 asubuhi

Sasa natafuta ufunguo wa kila wimbo, yaani noti ya msingi ambayo wimbo unaizunguka. Kuigonga noti ya juu mara moja nikiwa nimepumzika hakuthibitishi kitu. Naimba mstari wote wenye noti hiyo mara 5 mfululizo. Kama mara ya 5 haijatoka safi, nashusha nusu toni, hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti, na kuanza tena. Jukwaani noti hiyo itakuja wimbo wa 12, mwili ukiwa umeshachoka.

Kushusha kuna gharama zake. Ukishusha sana, noti za chini za ubeti zinamezwa na besi, na maneno hayasikiki tena. Halafu kuna gita. Wimbo wa E umejengwa juu ya nyuzi zinazopigwa wazi, na ukiupeleka C mlio ule unakufa kwa sababu vidole sasa vinabana kila uzi. Dawa ni kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote za gita kwa pamoja: kiweke kwenye kiungo cha 3 (vile vyuma vya shingo ya gita), piga maumbo ya A, utasikika C. Au legeza nyuzi zote kwa toni nzima na upige maumbo ya D, lakini hapo seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni wa inchi 0.010 inalegea na kupiga kelele kwenye viungo. Funga inayoanza na 0.011 au 0.012.

Mpiga tarumbeta naye ana hesabu yake. Tarumbeta ya B-flat huandikiwa toni moja juu, kwa hiyo wimbo wa E yeye anausoma F-sharp, wenye alama 6 za kupandisha. Ukishusha nusu toni tu hadi E-flat, anasoma F, yenye alama moja ya kushusha. Nusu toni hiyo inampa nafuu mwimbaji na mpulizaji kwa pamoja, ndiyo maana huwa naijaribu ya kwanza.

Mwimbaji wa Kanada Leonard Cohen alirudi jukwaani mwaka 2008 akiwa na miaka 73, na sauti nzito kuliko ile ya ujana wake. Aliimba karibu na maiki, waitikiaji wakabeba sehemu za juu. Nyimbo hazikupungukiwa na kitu.

Saa 5 asubuhi

Naandika karatasi za wapigaji, ukurasa mmoja kwa wimbo. Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, naziandika kwa namba ya nafasi yake katika ufunguo: 1, 4, 5. Katika C hizo ni C, F na G. Katika E-flat ni E-flat, A-flat na B-flat. Ufunguo ukibadilika tena jioni, karatasi haibadiliki.

Mahali panapoharibika kwa wakongwe ni mazoea yasiyoandikwa. Bendi ya zamani ilizoea kungoja mapigo 2 ya ziada mwishoni mwa ubeti wa pili, ili mwimbaji avute pumzi. Kijana aliyejifunza kwa karatasi atabadilisha kodi kabla yako, na utadhani yeye ndiye amekosea. Andika: "ubeti wa 2, ongeza mapigo 2." Andika pia nani anaanza na nani anafunga.

Tahadhari nyingine: usichukue ufunguo kwenye rekodi ya zamani kwa kusikiliza tu. Kanda nyingi zilienda haraka au polepole kuliko ilivyotakiwa, na wimbo ukaangukia katikati ya E na E-flat. Anayefanya mazoezi nyumbani juu ya rekodi hiyo atakuja ametegesha gita lake vibaya. Sote tunatega kwa A ya 440 Hz, mitetemo 440 kwa sekunde.

Saa 7 mchana

Karatasi za haki, kwa ufupi, lakini zisikosekane. Utunzi ni haki moja na rekodi ni haki nyingine. Tukirekodi upya wimbo wa zamani, ISWC, namba ya kimataifa ya kuutambulisha utunzi, inabaki ileile, ila rekodi mpya inapata ISRC yake, namba ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Kama rekodi ya awali iko mikononi mwa kampuni, soma mkataba wake wa zamani kwanza. Mingi ilimzuia mwimbaji kurekodi tena wimbo uleule kwa muda fulani.

Kwa wimbo mpya unaozaliwa mazoezini, asilimia zinaandikwa siku hiyohiyo, jumla 100, na kila mtu anasaini. Wimbo ukishapendwa, kila mtu anakumbuka mchango wake kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa.

Saa 8 mchana

Kupanga chumba. Maiki yangu haisikii vizuri nyuma yake, kwa hiyo spika ya kujisikilizia inawekwa hapo hasa, ikinitazama. Ikikaa pembeni, maiki inaokota sauti yake na mlio mkali unaanza. Tunapima sauti ya mwimbaji kwanza, kisha wengine wote wanajipanga chini yake. Wakianza wao, amplifaya hupanda moja baada ya nyingine na mwimbaji anaishia kupiga kelele.

Masikio nayo yana bajeti. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, desibeli 85 zinavumilika saa 8. Kila 3 zinazoongezeka zinakata muda nusu. Kwenye 100 una dakika 15 tu. Mpiga dramu anapewa fito nyembamba zilizofungwa pamoja badala ya mikwaju ya kawaida, na wote tunavaa vizibo.

Saa 9 alasiri

Nyimbo 4 kwa saa 3, si zaidi. Kila wimbo unaanza na dramu na besi peke yao pamoja na metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo. Wimbo uliorekodiwa kwa mapigo 112 kwa dakika naupeleka 104, kwa sababu pumzi zinahitaji nafasi. Wapigaji wakiachwa wataurudisha 112 kabla ya kiitikio cha pili, kwani mikono yao imeizoea rekodi. Tunarudia ubeti mmoja hadi miguu itulie. Ndipo linaingia gita la rhythm, kinanda, solo, tarumbeta, na mwisho mimi.

Hapa ndipo kazi halisi ilipo. Vijana wamejifunza rekodi kwa heshima kubwa: kila kijisolo, kila mdundo wa kujazia. Lakini mapambo yale yalipangwa kuizunguka sauti ya juu. Sasa nimeshuka nao wamebaki juu ya maneno yangu. Gita la solo linanyamaza hadi mstari uishe, kisha linajibu. Mkono wa kushoto wa kinanda usishuke chini ya C ya katikati wakati besi inapiga, la sivyo wawili hao wanagombania sehemu moja na chini panakuwa tope.

Kwenye kiitikio nabadilishana na mwitikiaji. Yeye anaimba melodia ya awali, mimi nashika sauti ya tatu chini yake. Msikilizaji anapata wimbo anaoujua, nami sikazi koo.

Suala la nyimbo ngapi za zamani ziingie halina jibu moja. Mwaka 1972 Paul McCartney aliipeleka bendi yake mpya, Wings, vyuoni bila kutangaza, na hawakupiga hata wimbo mmoja wa Beatles, bendi yake ya awali. Aliipa bendi nafasi ya kujijua. Mimi naweka mpya 2 mwanzoni mwa mazoezi, masikio yakiwa bado freshi, maana ndizo nyimbo ambazo wote tunaanza sawa.

Saa 1 usiku

Nasikiliza rekodi ya simu iliyowekwa pale watakapokaa watazamaji. Naangalia mambo mawili tu: maneno yanasikika, na mapigo ya mwisho wa wimbo ni yale ya mwanzo? Leo wimbo wa tatu umeanza 104 ukaishia 109, kosa likianzia kwenye mpito wa dramu kuingia kiitikio. Naukata mpito huo nusu, nasahihisha karatasi, nawatumia wapigaji, nanyamaza hadi kesho.