Saa 8 ipi? Kuandika kurasa za afya kwa wasomaji wa Tanga

Mtu wa Ngamiani akishika simu kutafuta habari za ugonjwa, haandiki jina lililoko kwenye vitabu vya tiba. Anaandika "mshipa", au "dawa ya busha", au anauliza kama ni kweli madafu yanaleta busha. Basi hilo ndilo liwe kichwa cha ukurasa, na jina la kitaalamu lishuke mstari wa pili. Ukianza na "ugonjwa wa minyoo ya limfu", ukurasa utakuwa sahihi na hautasomwa na mtu.

Jibu nalo lisicheleweshwe: madafu hayaleti busha. Huku pwani mabusha mengi yametokana na minyoo inayoenezwa na mbu, wakiwamo wale wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro iliyotuama. Dawa za kingatiba, zile zinazogawiwa jamii nzima, yaani ivermectin na albendazole, huua minyoo michanga iliyo kwenye damu. Busha lililokwisha kujaa haziliondoi, hilo ni la upasuaji. Usipoeleza tofauti hiyo, msomaji atameza dawa, ataona uvimbe uko palepale, na mwaka unaofuata atawakwepa wagawa dawa.

Ila "mshipa" ni neno la hatari kidogo, maana wengine wakilitaja wanakusudia ngiri. Ukurasa wake lazima ugawanyike mapema, tena juu kabisa kuwe na onyo: uvimbe uliokuwa ukirudi ndani na sasa haurudi, unauma ghafla, na mgonjwa anatapika, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Dalili za hatari hukaa juu ya maelezo yote. Kwa mtoto ni hizi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au hazinduki.

Sasa saa. Hapa ndipo kurasa nyingi zilizotafsiriwa haraka huharibika. Dawa mseto ya malaria, ile ALu, ni dozi 6 kwa siku 3, na dozi ya pili humezwa baada ya muda wa saa 8 kutoka ya kwanza. Andika "dozi ya pili saa 8" uone. Aliyeanza saa 2 asubuhi atameza saa nane mchana, yaani zimepita saa 6 tu. Aliyeanza saa 2 usiku huenda akangoja saa nane mchana wa kesho, na hapo zimepita 18. Na kuna anayeanza saa 12 jioni, ambaye dozi yake kweli inaangukia saa nane usiku, kisha anamwelekeza jirani hivyo hivyo. Suluhisho ni kunyoosha mfano mzima: ukimeza saa 2 asubuhi, meza tena saa 10 jioni, kesho na keshokutwa, saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Walimu wa Kiswahili hawalipendi neno "masaa", lakini kwenye ukurasa wa dawa mimi naliruhusu, kwa sababu "masaa 8 baadaye" halisomeki vingine. Ongeza kwamba ALu humezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo mwili hauifyonzi vizuri.

Vipimo vina mtego wa namna hiyo. Pakiti ya kawaida ya ORS, ile chumvi na sukari ya kumnywesha anayeharisha, huchanganywa kwa lita 1 ya maji safi. Chupa ya maji iliyo karibu nyumbani ni ya nusu lita au ya lita moja na nusu. Ukiimimina yote kwenye ndogo, chumvi inamzidi mtoto. Kwenye kubwa, inapungua nguvu. Andika "chupa 2 za nusu lita, zimejaa", na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto chini ya miaka 2 anapewa mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kidogo kidogo.

Sukari ya damu: kurasa za Marekani zitasema 126 (mg/dL), mashine ya zahanati inasema 7 (mmol/L). Ni kitu kimoja kwa vipimo viwili, gawa ile ya Marekani kwa 18.

Kila ukurasa uwe na tarehe, jina la mwongozo ulioufuata, na kada ya aliyeukagua. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, lakini maandishi ya zamani hayafi. Mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya na maelezo ya Shirika la Afya Duniani vitangulie. Utafiti mmoja peke yake, hata ukiwa wa kuvutia, usubiri. Tarehe iandikwe ndani ya picha yenyewe pia, kwa kuwa kinachozunguka kwenye magrupu ya ukoo ni picha ya skrini, na kiungo hakifuatani nayo. Maandishi yasiwe PDF nzito, bando linauma.

Kabla ya kuchapisha, usimuulize mtu "umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo, ni adabu tu. Mpe pakiti ya ORS na chupa tatu za ukubwa tofauti, mwachie ukurasa, kaa pembeni utazame mkono wake unaenda kwenye chupa gani.