Nilivyopatia meneja mpya wa White Sox wakati jiko zima linasema Sizemore

Naandika hii kwa sababu kazini kuna watu mpaka leo wanasema nilibahatisha. Sikubahatisha bana. Nilipiga hesabu, tena nyepesi tu, mtu yeyote angeipiga kama angeacha kusikiliza kelele za pale jikoni.

Mimi ni wa Morogoro, nafanya kazi jiko la hoteli moja hapa Chicago, na jiko letu limegawanyika kama mji wenyewe ulivyogawanyika, wanaokaa kaskazini ni Cubs na wanaokaa kusini ni White Sox, timu mbili za besiboli za hapa mjini. Mimi niliangukia White Sox kwa sababu tiketi zao ni rahisi na treni ya Red Line inakushusha pale mtaa wa 35, unatembea kidogo tu uko getini. Besiboli yenyewe sikuijua. Siku ya kwanza naona watu wazima wamesimama tu uwanjani wanatafuna na kutema, nikamuuliza jirani gemu inaanza saa ngapi, kumbe imeshafika katikati.

Nilikuja kuielewa 2024, na niliielewa kupitia kipigo. Mwaka ule White Sox walifungwa mechi 121 kati ya 162. Rekodi ya kisasa ya kufungwa ilikuwa ya New York Mets wa 1962, mechi 120, na watu walishazoea kwamba ile haivunjwi. Sisi tukaivunja. Katikati ya Julai walianza kufungwa wakafungwa 21 mfululizo, hiyo nuksi ikakatika kule Oakland tarehe 6 Agosti, na siku mbili baadaye meneja Pedro Grifol akafukuzwa. Grady Sizemore akawekwa kushikilia kiti mpaka msimu uishe.

Kwa wenzangu wa mpira wa miguu, meneja wa besiboli ni kocha, anavaa jezi kabisa na namba mgongoni, anapanga nani aanze kupiga, nani arushe, lini mrushaji atolewe. Kusajili haimhusu. Kusajili na kumwajiri yeye mwenyewe ni kazi ya bosi mwingine, na kwa White Sox huyo bosi ni Chris Getz, na juu ya Getz yuko mwenye mali, mzee Jerry Reinsdorf. Shika hayo majina mawili maana ndo ugomvi wote ulipotokea.

Sasa pale jikoni kuna mzee wa Kimeksiko tunamwita Don, ana miaka mingi sana pale na White Sox anaifuata tangu utotoni. Mwisho wa Septemba, timu inamalizia kufungwa, Don akaleta wazo kwamba tuchange, kama dola kumi hivi kila mtu, tuandike majina ya wote wanaotajwa kuchukua timu, tukunje karatasi tuweke kwenye kofia ya mpishi, kila mtu achomoe moja. Wa jina lako akipewa kazi unabeba fungu lote. Kubadilishana ruksa, ila lazima Don aandike kwenye karatasi aliyoibandika kwenye mlango wa friji kubwa. Kumbuka hiyo ya kubadilishana.

Kabla ya kuchomoa, Don akatoa mhadhara. Akasema vijana msihangaike, hii timu inampa kazi mtu wa nyumbani, siku zote. Akahesabu: Ozzie Guillén alikuwa mchezaji wao, akapewa timu, akaleta ubingwa 2005. Robin Ventura mchezaji wao, akapewa timu bila kuwahi kuwa meneja popote. Halafu 2020 Reinsdorf akamrudisha Tony La Russa akiwa na miaka 76, mtu ambaye klabu hiyohiyo ilimfukuza 1986! Kwa hiyo, akasema Don, Sizemore yuko ndani tayari, wachezaji wanampenda, bei yake ndogo, ni yeye. Jiko zima likatikisa kichwa. Na mimi nikatikisa, maana mzee akiongea huwezi kubaki umekaza shingo.

Lakini moyoni nilishakasirika. Kwanza Don kwenye orodha yake alimruka Grifol, ambaye aliletwa kutoka Kansas City, hakuwa mtu wa nyumbani hata kidogo. Pili, na hii ndo kubwa, siku ileile Grifol anafukuzwa Getz aliongea mbele ya waandishi kwamba anategemea meneja ajaye atoke nje ya klabu. Alisema wazi, Agosti! Nilisikia kwenye redio natoka kazini. Watu wanakesha kutafuta siri za ndani wakati bosi mwenyewe ameshasema kila kitu mchana kweupe. Ukitaka kubashiri mambo haya anza na alichosema anayeajiri, ya mashabiki yaje baadaye.

Haya, tukachomoa. Mimi mkono wangu ukatoka na nani? Sizemore.

Jiko likalipuka. Mmoja akanipigia sufuria. Don akaja kunipa mkono kama nimeoa. Na mimi nikacheka nao, ila macho yangu yako kwa Mkenya mmoja, jamaa wa Kisumu, anakaa kituo cha saladi, amefungua karatasi yake anasema kwa sauti, "Will Venable? Huyu ni nani tena?"

Nyie, roho ilinidunda.

Maana Venable ndo jina nililokuwa nalitaka kabla hata kofia haijazunguka. Kwa nini? Sizemore nilishamfuta kwa maneno ya Getz. Guillén, ambaye mashabiki wanamlilia kila mwaka, nikamfuta kwa hayohayo. Majina makubwa ya bei kubwa nayo nikafuta, kwa sababu Novemba 2023 Cubs walimpa Craig Counsell dola milioni 40 kwa miaka mitano, na tangu hapo kila meneja mwenye jina anajua thamani yake, sasa milioni hizo nani azichukue kwenye timu iliyofungwa 121, na Reinsdorf nani amewahi kumwona akimwaga hela hivyo. Terry Francona naye alikuwa kwenye kofia, aliyemchomoa alitamba siku chache tu, Cincinnati Reds wakamchukua mwanzoni mwa Oktoba.

Anabaki mtu wa nje, hajawahi kuwa meneja, ila amekaa karibu na wakubwa. Venable alicheza San Diego miaka mingi, alisoma Princeton na akacheza kikapu na besiboli vyote viwili hukohuko, baba yake pia alicheza ligi kuu. Alishakuwa kwenye benchi la makocha la Cubs, la Red Sox wa Boston, halafu akawa msaidizi wa Bruce Bochy kule Texas Rangers na 2023 wakabeba ubingwa. Na timu kadhaa zilishamwita kwenye intavyuu za umeneja. Mtu anayeitwa kila mara, wenzake wa rika lake wameshapata, yeye bado, huyo zamu yake inakaribia.

Tena kuna kitu kimoja watu hawakiangalii kabisa, kalenda. Timu ikitaka kumhoji mtu mwenye mkataba kwingine lazima iombe ruhusa kwa mwajiri wake, na kama timu yake iko kwenye mtoano wa Oktoba akili yake haipo. Rangers 2024 hawakuingia mtoano, walishinda 78 wakafungwa 84. Oktoba nzima Venable yuko nyumbani anasubiri simu.

Sasa ningemfuata yule jamaa wa Kisumu nimwambie tubadilishane, angeshtuka. Mtu hatoi dhahabu achukue bati bila sababu. Kwa hiyo sikumfuata. Nilichofanya, nikaanza kumsifia Sizemore. Kila mapumziko, nikiwa karibu na saladi, nasema unajua huyu jamaa alikuwa moto Cleveland, All-Star, yaani anaitwa kwenye mechi ya mastaa wa ligi, mara tatu mfululizo, 2006 mpaka 2008, majeraha tu ndo yalimharibia. Nawaambia wahudumu fungu likija nanunua viatu. Nikamwambia Don ajiandae kunisainia. Yaani nilimpamba Sizemore mpaka mwenyewe nikaanza kumpenda.

Jamaa akaja mwenyewe. Wa kwanza kuongea, na mimi nikakaza.

"Bro, huyo Sizemore unaweza niuzia?"

"Aaa, huyu siuzi ndugu yangu. Labda kingine."

"Nakupa Venable na lunch."

Nikaguna, nikaendelea kukata vitunguu. Nikamwambia lunch gani, si tunakula hapahapa bure. Akafikiria, akasema basi atanishikia zamu ya Jumapili asubuhi. Hapa inabidi uelewe, Jumapili asubuhi kwetu ni zamu ya mayai, mayai ya kila aina, wageni wamelala vibaya kila mmoja anataka la kwake kivyake, watu wameacha kazi kwa sababu ya ile zamu. Nikasema Jumapili mbili. Akasema moja. Nikasema basi, acha, nakaa na Sizemore wangu. Akasema sawa, mbili.

Tukaenda kwenye mlango wa friji, Don akavaa miwani, akasoma, akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa, akaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu nahitaji usingizi mzee wangu. Akatingisha kichwa akaandika.

Wiki zilizofuata nilitaniwa sana. Likitokea jina la Skip Schumaker kwenye habari, wanakuja kunionyesha, huyu alikuwa meneja bora wa National, nusu moja ya ligi kuu, 2023, ametoka Miami yuko huru, Venable wako ataingilia wapi? Mimi nasugua meza. Na msako wa meneja huku una uvumilivu jamani, toka mwanzo wa Agosti mpaka mwisho wa Oktoba timu haina kocha wa kudumu na hakuna aliyeandamana. Sisi tumezoea ya Yanga, Novemba ya mwaka huohuo waliachana na kocha Gamondi na Ramović akaingia hata kiti hakijapoa.

Mwisho wa Oktoba, Dodgers na Yankees wako kwenye fainali, kipindi ambacho ligi haipendi timu nyingine zitangaze makubwa, taarifa ikavuja. Venable. Nilikuwa stoo ya nyanya, nikasikia Don anatukana kwa Kihispania, nikajua tu.

Fungu lilikuwa kama mia na kitu. Don alinihesabia noti mojamoja, polepole, kama anazihurumia. Viatu nilinunua kweli, vya kazini, visivyoteleza.

Kasheshe ilianza White Sox walipotangaza benchi la 2025. Venable alimbakiza Sizemore, akampa kusimamia upigaji. Jamaa wa Kisumu akaja na simu mkononi mbio.

"Si unaona? Sizemore bado ako. Leta nusu."

Nikamwambia ako kama msaidizi. Akasema kwenye kofia hakuna mahali paliandikwa meneja peke yake, liliandikwa jina tu. Tukaenda kwa Don, na Don, kwa sababu alikuwa na hasira zake, akasema hoja ina uzito! Ikawa kesi ya jiko zima, Cubs nao wakaingia na hawakuchanga hata senti. Msimu wa 2025 timu ikashinda 60, mwaka wa nyuma ilishinda 41, na kila ikishinda jamaa anadai ni upigaji wa Sizemore, kila ikifungwa anasema ni Venable wako huyo.

Nusu sikumpa. Jumapili zangu mbili alizilipa zote, na hiyo ya pili alifika na uso umevimba kwa usingizi, saa kumi na moja alfajiri, trei za mayai zinamsubiri.