Chumba changu, ADHD na beseni la bluu

Kwa mama, "panga chumba chako" ni kazi moja. Kwangu mi ni kazi nyingi ambazo hakuna anayezitaja: okota nguo, tenganisha safi na chafu, chafu tia kwenye beseni, safi kunja, kabati limejaa kwa hiyo anza kulipanga kabati, vitabu rudisha mezani lakini mezani kuna sahani ya jana, haya sahani peleka jikoni, nikifika jikoni nakuta karanga zimekaangwa, nakaa na dada wa kazi tunakula karanga tunapiga stori, na chumba kwa siku hiyo ndo basi tena. Mama akipita jioni anakuta nguo zote za kabatini ziko kitandani, yaani hali mbaya kuliko asubuhi, alafu anauliza "sasa we siku nzima ulikuwa unafanya nini?" Swali zuri kwa kweli, sina jibu.

Nina ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya mtu apate shida kutuliza umakini au kujidhibiti. Nilipimwa nikiwa fomu tuu, baada ya mwalimu mmoja kumwambia mama huyu mtoto anaelewa ila hayupo darasani hata akiwepo. Mi sio wa kurukaruka, na nadhani ndo maana ilichukua muda, watu wakisikia ADHD wanawaza mtoto wa kiume anayepanda madirishani, kumbe kuna aina nyingine mtu ametulia tu anaangalia ubao na kichwani yuko zake kwingine kabisa, na wasichana wengi wako hivyo ndo maana wanachelewa kugundulika.

Daktari alinionyesha dalili zenyewe, zinatoka kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kinaitwa DSM, toleo la tano la 2013. Za upande wa umakini ziko 9, ukiwa chini ya miaka 17 unatakiwa uwe na 6 au zaidi, ziwe zimedumu angalau miezi 6, baadhi zilianza kabla hujafika miaka 12, na zisiwe sehemu moja tu, maana kama ni nyumbani tu labda shida ni nyumba 😅. Sasa kati ya hizo 9 kuna kushindwa kupangilia shughuli, na kuna kupoteza vitu unavyovihitaji. Mama alizisoma kimyaa, akazirudia, alafu akaniangalia. Miaka yote alikuwa anajua nafanya makusudi.

Shangazi yeye hakuelewa mpaka leo. Kwanza kusikia daktari wa akili tu akauliza kama napelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Alafu akasema zamani hayo magonjwa hayakuwepo, ni utovu wa nidhamu. Nikaenda kusoma, nikakuta mwaka 1902 kule London daktari mmoja anaitwa George Still alitoa mihadhara kwa madaktari wenzake kuhusu watoto wa namna hii, akasema akili wanazo kama wengine ila wana kasoro kwenye kujidhibiti kimaadili. Kwa hiyo shangazi na daktari wa 1902 wanakubaliana, tofauti ni kwamba madaktari wameshasogea mbele, siku hizi wanaongelea ubongo, ile sehemu ya mbele inayopanga, inayokumbuka hatua inayofuata na inayosema acha hiyo rudi kwenye hii. Na inarithiwa sana, baba alivyosikia hivyo akacheka akaondoka sebuleni, ila kila asubuhi nyumba nzima tunamtafutia funguo za pikipiki.

Turudi chumbani. Kitu cha kwanza nilichojijua ni kwamba kitu nisichokiona kwangu hakipo. Sio kwamba nakisahau, kinakuwa hakipo duniani. Mama alininunulia droo za plastiki zile za kupandana, nzuri kweli, kila kitu na droo yake, na kila kilichoingia mle kilizikwa. Nilinunua chaja mpya wakati ya zamani iko droo ya pili nzima kabisa. Vitu vya mifuniko, vya zipu, vya kufungua ndo uone ndani, vipendeze vipi, mi sivitaki tena. Sasa hivi nina beseni la bluu liko wazi katikati ya chumba, halina heshima yoyote, ukiingia ndo unakutana nalo, na kila nguo chafu inaenda humo kwa sababu hata nikirusha nikiwa kitandani inaingia. Kapu la mwanzo lilikuwa na mfuniko. Unaweza kusema mfuniko ni nini jamani, unafunua unaweka, ila kwangu kufunua ni hatua nzima, na nguo zilikuwa zinaishia juu ya mfuniko mpaka kapu halionekani.

Nyuma ya mlango baba alinipigia misumari, begi la shule hapo, mtandio hapo, kitambulisho cha shule hapo. Ukutani sio pazuri kuangalia. Ila sijachelewa shule kwa sababu ya kutafuta kitambulisho muda sasa, kwa hiyo uzuri utasubiri.

Shida kubwa kuliko zote ni nguo safi. Watu wanadhani shida ni kufua, kufua mi sina neno, naloweka, nafua, nasuuza, naanika, maji yapo mkononi povu lipo nafanya mpaka mwisho. Shida inaanza kwenye kuanua. Nikianua nabeba mzigo mzima naubwaga kitandani nikisema nakuja kukunja. Usiku nataka kulala nguo nazihamishia kwenye kiti. Asubuhi nataka kukaa kwenye kiti nazirudisha kitandani. Zinasafiri hivyo wiki nzima, zinachanganyika na zilizovaliwa mara moja ambazo sio chafu sana na sio safi sana (hizo nazo hakuna aliyewahi kuniambia zinakaa wapi!), mwisho sijui ipi ni ipi, nanusa, nachoka, zote narudisha kwenye beseni nafua upya. Mama alihesabu sabuni akasema haiwezekani mtu mmoja.

Dawa yake niliiona kwa mama mwenye duka la nguo pale jirani, yeye hakunji, zote ziko kwenye hanga. Nikaanza kuanika na hanga kabisa, gauni linakauka likiwa kwenye hanga, nikianua nabeba hanga natundika kamba ya chumbani, kazi imeisha, hakuna kukunja. Nguo za ndani na soksi hazikunjwi pia, ziko kwenye ndoo ya rangi tuliyoiosha, zimevurugika humo ndani na ni sawa tu, hakuna atakayekuja kuzikagua. Sare ya shule ndo pekee inapigwa pasi. Kanga na mashuka bado yananishinda, siongopi.

Na kuanza je? Maana unaweza kuwa na misumari na beseni na bado ukakaa kitandani masaa mawili unaangalia chumba, unajua cha kufanya, unataka kufanya, na mwili hauinuki. Watu wanaita uvivu, ila mvivu si anafurahia kupumzika, mi nakuwa nimekaa pale roho inaniuma. Kinachonisaidia ni mdogo wangu. Tunalala chumba kimoja, basi namwambia njoo ukae hapa tu, hasaidii kitu, yeye anafanya homuweki yake au anachora, ila mtu mwingine akiwepo mimi nainuka. Sijui ni aibu sijui ni nini, ila hata daktari alisema wengi wenye ADHD wanafanya kazi vizuri mtu akiwa pembeni. Mdogo wangu kashajua ana thamani, kwa hiyo sasa hivi hakai bila ubuyu. Alianza na kipakti kimoja, juzi kasema "dada vitu vimepanda bei."

Nyingine ni singeli. Naweka taima ya simu dakika 10, nafungulia singeli, na ule mdundo hauna namna ya kwenda nao polepole, unajikuta unaokota vikombe kwa spidi. Taima ikilia naacha, hata kama sijamaliza, na hiyo ndo siri, nikijua kuna mwisho ndo naanza. Mama anaona ni kelele za vigodoro na watu wa swala wanapita hapo nje, tumekubaliana sio jioni.

Kama we ni mzazi unasoma hii, mi nakuomba viwili tu. Usiseme panga chumba, sema "leta vikombe vyote jikoni," nikirudi sema kingine. Mama ameanza hivyo, mwanzoni alilalamika ananilea kama mtoto wa chekechea, ila vikombe anavipata. Na usinipangie nikiwa shule. Najua ni upendo, ila nikirudi nakuta chumba kinang'aa na vitu vyangu vyote havipo duniani, nitatafuta daftari la baiolojia nitapindua kila kitu na usiku utakuta hali ile ile.

Uvunguni hatujaafikiana. Mama anasema panaleta panya, mi nasema hakuna chakula kule, yeye anasema na ile sahani ya Jumapili ilitokea wapi. Kwa sasa tumekubaliana yeye asichungulie na mimi nisiingize chochote kinacholiwa, na mdogo wangu ameteuliwa kuwa mkaguzi. Malipo yake tunajadili.