Kipeperushi cha usafi wa makochi: ninavyokipanga

Vipeperushi vingi vya usafi havileti simu kwa sababu vimebeba orodha: ofisi, mazulia, magodoro, matangi, vyote kwenye karatasi moja. Msomaji haoni linalomhusu. Mimi natenga kipeperushi kimoja kwa kazi moja. Cha makochi, kwa Sinza na Kijitonyama jijini Dar es Salaam, kina kichwa "Kochi lina madoa? Tunalisafisha hapo hapo kwako", picha moja, bei ya kuanzia na namba ya simu. Kuandika "bei nafuu" hakumsaidii mtu. Kila mmoja anaandika hivyo.

Picha ndiyo inayouza. Napiga mto mmoja wa kochi, nusu umesafishwa na nusu bado, mpaka wa uchafu uonekane katikati. Picha mbili za kabla na baada huzua shaka: mwanga ukibadilika tu, mtu anadhani ni kochi jingine. Kwa mchapaji naituma WhatsApp kama faili. Ikienda kama picha ya kawaida inabanwa, na kwenye karatasi inatoka na ukungu.

Natumia A5, milimita 148 kwa 210. Karatasi moja iliyo kubwa kidogo kuliko A4 inatoa viwili, hivyo nakala 1,000 zinakula karatasi 500. Rangi ya pembeni naivusha milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, la sivyo kisu kikiyumba kidogo kinaacha ukingo mweupe. Faili liwe CMYK, yaani mfumo wa wino nne za uchapaji (samawati, waridi, njano, nyeusi), na picha iwe dpi 300, yaani nukta 300 kwa inchi. Bluu kali ya skrini hufifia kwenye wino, mara nyingine huelekea zambarau, kwa hiyo rangi naiamulia kwenye nakala ya majaribio. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Yakichanganywa wino nne na mashine ikasogea kidogo, herufi zinaota kivuli.

Namba ya simu naiweka kwa herufi za ukubwa wa pointi 28, tarakimu nne, tatu, tatu. Kabla ya kuidhinisha kazi, naipiga nikiisoma kutoka nakala ya majaribio yenyewe.

Karatasi ya gramu 130 kwa mita ya mraba inatosha. Upande utakaoandikia makadirio ya mteja usiwe wa kung'aa, wino wa biki haushiki vizuri.

Kila mtaa naupa neno lake: "Taja SINZA upate punguzo". Wiki mbili zikipita neno halijatajwa, nabadilisha kichwa pekee na picha naiacha vile vile, nijue kosa lilikuwa wapi.