Oili ya kawaida kwa gari la nyumbani: jinsi nilivyoacha kubahatisha

Taa nyekundu ya oili, yenye picha ya birika, iliwaka tulipokwisha kuvuka daraja la Karuma, kaskazini mwa Uganda, na kukata kushoto kuelekea Pakwach. Iliwaka kwenye kona, ikazima, ikawaka tena kwenye kona iliyofuata. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, nyuma nimebeba watoto watatu na mama mkwe wangu. Nilidhani ni waya umelegea. Mama mkwe ndiye aliyesema, "Mwanangu, taa nyekundu haiwaki bure. Simama."

Nikasimama, nikazima injini. Nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nikaifuta kwa kanga, nikairudisha, nikaichomoa tena. Ilitoka kavu. Kwenye ncha tu kulikuwa na tone jeusi.

Ni aibu kusema, lakini tangu tununue lile gari sikuwahi kuishika dipstiki kwa mkono wangu. Ni Toyota Spacio ya mwaka 2003, injini 1NZ-FE ya lita moja na nusu, gari la kwenda shule, sokoni, hospitali, na mara mbili kwa mwaka safari ya Bombo hadi Arua, zaidi ya kilomita 400. Kila nilipolipeleka gereji nilikuwa nasema tu, "Badilisha oili," nalipa, naondoka. Oili gani, lita ngapi, sijui. Na safari ile nilikuwa nimepitisha muda. Kibandiko alichoandika fundi kilisema nirudi baada ya kilomita 5,000, mimi nilikuwa naelekea 8,000.

Mwenye boda mmoja alinihurumia, akaenda kituo cha biashara kilichokuwa mbele, akarudi na makopo mawili ya lita moja. Yalikuwa 20W-50, na pembeni herufi SF. Sikujua maana yake. Nilimimina yote mawili, taa ikazima, tukafika Arua salama. Asubuhi yake nilipowasha gari, lilitoa mlio mkavu, kara-kara-kara, kama kokoto ndani ya kopo, kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Mlio ule sikuwahi kuusikia. Ndipo nilipoamua kwamba jambo hili nitalielewa mwenyewe.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kuhusu ile taa. Haipimi wingi wa oili, inapima msukumo wake. Oili ikibaki kidogo sana, ukipinda kona yote hukimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu ikanyonya hewa, na kwa muda huo vyuma vinasuguana. Kwa hiyo taa ikiwaka, uharibifu huenda umeshaanza. Ukiisubiri taa ikukumbushe kupima, umechelewa.

Tuliporudi Bombo nilisikiliza kila mtu. Fundi wetu, mtu mwema na mwenye mikono mizuri, alisema, "Mwalimu, gari likizeeka linataka oili nzito. Weka 20W-50, usahau." Baba watoto, ambaye anaendesha malori, alisema ataniletea ile wanayoweka kwenye malori yao, "Hiyo inabeba tani 30, itashindwa na kagari?" Shemeji yangu wa Entebbe akasema ninunue sinthetiki, ile oili inayoundwa kwa kemikali kiwandani, ya 0W-20 kama anayoweka yeye kwenye Toyota Aqua yake. Ushauri wa aina tatu, injini moja.

Jibu lilikuwa ndani ya gari lenyewe muda wote. Kwenye droo ya mbele kulikuwa na kile kitabu cha Kijapani kilichokuja na gari, tulichokuwa tukikitumia kuegemezea simu. Kijapani sisomi, lakini namba ni namba. Nilikaa mezani usiku, nikapekua ukurasa kwa ukurasa hadi nikaona, katikati ya maandishi yale, 5W-30 na 10W-30, na chini kidogo 3.4 na 3.7. Zile mbili za mwisho ni lita: 3.4 ukibadilisha oili peke yake, 3.7 ukibadilisha na filta.

Hapo nikakumbuka kwamba fundi alikuwa akimimina kopo zima la lita nne kila mara. Oili ikizidi sana, shafti inayozunguka huipiga ikatoka povu, na povu halilainishi chuma. Hakukusudia ubaya, kopo ni la lita nne, na mteja anataka kuona limeisha.

Sasa zile namba. Katika 10W-30, namba ya mbele yenye W inaeleza oili inavyojimudu injini ikiwa baridi. W yenyewe ni ya majira ya baridi ya wenzetu wa Ulaya na Marekani. Namba ndogo maana yake oili inakimbia upesi zaidi kufika juu kwenye vali unapowasha asubuhi. Namba ya nyuma inaeleza uzito wake injini ikishachemka, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Huku kwetu hakuna barafu barabarani, hata Kabale kwenye baridi, kwa hiyo kati ya 5W na 10W sikuona sababu ya kuhangaika. Lakini kutoka 30 hadi 50 huko nyuma ni hatua kubwa. Injini yangu ina mfumo wa VVT-i unaobadilisha wakati wa vali kufunguka, na mfumo huo unasukumwa na oili hiyohiyo ikipita kwenye vijia vyembamba, ambako oili nzito hupita kwa shida. Kikaza mnyororo wa injini nacho kinategemea msukumo wa oili. Nilipomweleza fundi kuhusu ule mlio wa Arua, yeye mwenyewe alikitaja kikaza mnyororo kabla sijamaliza.

Fundi hakukosea kila kitu. Injini iliyolika, yenye nafasi kubwa kati ya ringi za pistoni na silinda, inaweza kufaidika ukipanda hatua moja, tuseme 15W-40. Kosa ni kuruka moja kwa moja hadi mwisho ili moshi na kelele vinyamaze, huku chanzo kikibaki palepale.

Herufi ndizo zilizonishtua zaidi. Kwenye kopo kuna alama ya duara ya API, taasisi ya mafuta ya Marekani, au maandishi tu, yenye herufi mbili. Inayoanza na S ni ya injini za petroli, inayoanza na C ni ya dizeli. Herufi ya pili ikisonga mbele katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi: SL ilianza 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Na ile SF niliyomimina njiani Pakwach? Kiwango hicho ni cha magari yaliyotengenezwa hadi 1988. Gari langu ni la 2003. Kopo lilikuwa jipya, oili ilikuwa safi, lakini kiwango chake kilikuwa cha injini za zamani sana. Na bado linauzwa waziwazi, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu hatusomi.

Baba watoto nilimwonyesha kopo la oili ya malori. Lilikuwa na CI-4 peke yake, hakuna S popote. Yako makopo yenye herufi zote mbili, na hayo yanafaa petroli ikiwa ile S yake ni ya kutosha. Lake halikuwa hivyo. Akacheka, akalirudisha. Kuhusu shemeji, Aqua yake ni gari la juzi lililoandikiwa 0W-20, na oili nyepesi kiasi hicho kwa kawaida ni sinthetiki. Yeye akiweka oili ya kawaida atakosea, nami sina sababu ya kumfuata.

Nikaamua: oili ya kawaida, ile inayotoka kwenye mafuta ghafi yaliyosafishwa, 10W-30, SL au zaidi, na kubadilisha kila kilomita 5,000 bila kuvusha. Sinthetiki ni nzuri, sibishani. Inavumilia joto zaidi na inakaa muda mrefu. Lakini dukani ilikuwa karibu mara mbili ya bei, na injini yangu haina tabo (turbo) wala haikuandikiwa hivyo. Isitoshe ilikuwa inavuja. Oili ghali kwenye injini inayovuja ni pesa inayodondoka chini.

Kuvuja nilikuthibitisha kwa boksi. Nilitandika boksi la biskuti lililokunjuliwa chini ya injini usiku; asubuhi kulikuwa na madoa matatu upande wa mbele. Gasketi ya kifuniko cha vali ilikuwa imekauka ikawa kama plastiki. Fundi akaibadilisha. Nikamwomba pia aangalie vali ya PCV, kile kidude kidogo kinachopitisha mvuke wa injini kurudi kuchomwa. Ukikitikisa kinatakiwa kulia, cheke-cheke. Chetu kilikuwa kimya, kimejaa masizi. Kikiziba, msukumo ndani ya injini hupanda na oili hutafuta pa kutokea, ama kwenye sili ama kwenye silinda ikaungue. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya kopo la oili. Kama ningeweka 20W-50 nikasahau, nisingekijua.

Kununua nako kuna kazi yake. Bombo 10W-30 ya kawaida sikuipata. 20W-50 imejaa kila duka. Nilikwenda Kampala, nikapita maduka ya spea karibu na soko la Kisekka nikiuliza bei, lakini mwishowe nilinunua kwa wakala wa kampuni yenyewe, kwa risiti. Sababu ni hii: duka moja lilinipa kopo ambalo pete ya kifuniko ilikuwa imekatika tayari, na muuzaji akaniambia, "Dada, hiyo ni safari tu." Nililiacha pale. Kuna watu wanakusanya makopo matupu na kuyajaza wanachojua wenyewe. Ndiyo maana siku hizi kopo langu likiisha nalitoboa kwa bisibisi kabla ya kulitupa.

Siku ya kubadilisha nilikaa pale gereji mwanzo hadi mwisho. Gari lilikuwa vuguvugu, si moto wa kuunguza, ili oili itoke yote. Nati ya sampu ilifunguliwa, ule uzi mweusi ukatiririka kwenye beseni hadi ukawa matone, na tuliyaacha matone yaishe. Filta ya zamani ilipotoka tulihakikisha mpira wake haukubaki umegandia kwenye injini. Mpira wa filta mpya ukapakwa oili safi kwa kidole, filta ikakazwa kwa mkono, bila spana. Tukamimina taratibu, tukaacha karibu robo tatu ya mwisho ya lita, tukawasha gari kidogo, tukazima, tukangoja dakika tano. Kisha dipstiki, tukaongeza, dipstiki tena, hadi alama ya juu. Kopo likabaki na kama gilasi moja na nusu hivi, ndiyo oili ya kuongezea, inakaa kwenye buti imefungwa kwa mfuko. Oili chafu nilibeba kwenye dumu. Seremala jirani anapaka miguu ya nguzo dhidi ya mchwa. Heri hivyo kuliko kumwagwa mtaroni.

Tangu hapo nina daftari la shule, la kurasa 48. Kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limelala na liko mahali tambarare, napima na kuandika kilomita na kiwango. Oili iligeuka nyeusi upesi nikaogopa, kumbe hiyo ni kazi yake: ina dawa ya kusafisha inayobeba masizi. Weusi peke yake si ugonjwa. Ninachofuatilia ni kupungua. Katika kilomita 5,000 za kwanza niliongeza kama mililita 600. Mzunguko wa pili 10W-30 nilikosa, nikaweka 15W-40 yenye SN, nikaongeza kama 400. Tofauti ni ndogo, nami sidhani naweza kuitolea hukumu kwa mizunguko miwili. Nikiipata 10W-30 ndiyo naweka. Nikikosa, 15W-40 ya herufi nzuri hainikoseshi usingizi. Mlio wa asubuhi umekwisha.

Tulikwenda tena Arua wakati wa Idi. Pakwach tulisimama kabla ya daraja, watoto wakanunua samaki, mimi nikafungua boneti. Nilingoja injini itulie huku kijana wangu wa miaka tisa ameshika kitambaa. Yeye ndiye aliyechomoa, akafuta, akarudisha, akachomoa tena, akainua dipstiki kwenye mwanga wa jua.

"Mama, iko katikati ya alama mbili, karibu na ya juu."

Mama mkwe akauliza kutoka dirishani, "Taa je?"

"Haijawaka, bibi."